Feza ya usiku wa hoteli inaenda wapi?



Mgeni akilala hoteli hapa Lubumbashi, ndani ya fakitire yake mna sehemu ya Mfuko wa Kukuza Utalii, FPT. Mwenye hoteli anaikusanya, kisha inaenda kwa mfuko wa taifa.

Sisi tunauliza: kwetu inarudia ngapi? Tuko na makumbusho, tuko na zoo, tuko na maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, yanapita mita 300. Barabara ikiwa mbaya, nani atafika? Na mgeni asipofika, kijana wa taksi atakula nini?

Kodi hatuikatai. Tunadai kitu kimoja: kila mwaka hesabu ibandikwe kwenye ofisi ya meya, franga kwa franga: imeingia ngapi, imefanya nini. Feza ya wote haifichwi.