Kope Likishuka, Angalia Shingo



Weka vidole viwili kando ya koo, chini ya taya, bila kukandamiza. Utasikia pigo. Huo ni mshipa mkubwa wa damu unaoitwa karotidi. Uko mmoja kuume na mmoja kushoto. Juu kidogo unagawanyika: tawi moja linalisha uso, lingine linaingia ndani ya fuvu kulisha ubongo na jicho.

Tawi hilo la ndani halipandi peke yake. Limezungukwa na neva nyembamba zilizosukwa kama wavu. Neva hizo zinatoka katika uti wa mgongo kifuani, zinapanda shingoni, kisha zinaushika mshipa kama maharagwe yanavyoshika mti, mpaka jichoni. Kazi yake ni kupanua mboni gizani na kusaidia kope la juu lisilegee.

Sasa sikieni vizuri. Mtu akianguka na pikipiki, au shingo yake ikipinduliwa kwa nguvu, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika kwa ndani. Damu inaingia katika ukuta, unavimba, wavu ule unaumia. Shingo au kichwa kinauma upande mmoja. Kope la upande uleule linashuka kidogo, mboni inabaki ndogo. Daktari wa macho wa Uswisi, Johann Friedrich Horner, alieleza dalili hizo za jicho mwaka 1869.

Kwa kuwa jicho bado linaona, wengi wanapuuza. Wengine wanasema amelogwa. Lakini damu inaweza kuganda pale palipochanika, kipande kikapanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Pengine zinapita saa chache, pengine siku kadhaa. Katika muda huo daktari anaweza kutoa dawa ya kuzuia damu isigande.

Kwa hiyo, ndugu yako akipata dalili hizo ghafula, msingoje ibada ya kesho. Ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali. Mwambieni daktari siku kope liliposhuka na upande unaouma. Nanyi mnaoombea wagonjwa, wekeni mikono kwa upole; msipindue shingo ya mtu.

Luka, mwenzake Paulo, alikuwa tabibu. Maombi na hospitali havigombani.