Kuchagua Honi na Yuniti za Vipaza Sauti vya Kikundi

Nimeombwa niseme juu ya vipaza sauti, maana baadhi yenu mnataka kuunda vyenu na kuvikodisha kwenye harusi, matanga na mikutano. Mradi huu ni mzuri. Lakini pesa zitakazoingia humo ni za mchango wa kila wiki, jasho la mama aliyeuza mayai, kwa hivyo tusikilizane.

Dukani watu huuliza kwanza, "Ni wati ngapi?" Mimi naona tuanze kwingine: kitatumika kusema nini, na wasikilizaji wataketi wapi? Matangani watu huja kusikia maneno. Kuna ratiba, kuna rambirambi, kuna kuuliza ni nani alikuwa akimdai marehemu. Mjane akisema neno lake juu ya shamba, na walio chini ya mwembe wasilisikie vizuri, kesho tutakuwa na mashahidi wa nusu ya neno. Hapo ndipo fitina huanza.

Maneno ya binadamu yanaeleweka vizuri kati ya hezi 300 na 3,400. Simu za zamani zilipitisha hizo tu na tukaelewana. Kwa kazi hiyo honi haina mpinzani. Spika ya karatasi ndani ya sanduku, ukiipa wati 1 na kusimama meta 1 mbele yake, hutoa kama desibeli 90. Honi nzuri hutoa 105 au zaidi. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu kuongeza desibeli 10 kunataka nguvu mara 10. Basi wati 20 kwenye honi zitashinda wati 200 kwenye sanduku, na wati 20 mnazipata kwa betri ya gari ya volti 12, bila jenereta wala petroli.

Honi yenyewe fundi wa mabati anaweza kuikunja. Shingoni iwe na upana wa sm 2.5, halafu kila mkisonga mbele sm 12.5 upana uwe mara mbili: 5, 10, 20, na mdomoni 40. Urefu wote ni nusu meta. Ikipanuka ghafla kama faneli ya mafuta ya taa, sauti za chini zitapotea. Maungio yazibwe kabisa, na nje mpake lami, la sivyo bati litalia kuliko msemaji.

Yuniti ni kile kichwa chenye sumaku kinachofungwa shingoni. Hicho nunueni, msijaribu kukiunda. Nendeni na honi yenu dukani muone kama tundu linalingana na kama inakaza bila kuvuja hewa. Muulizeni pia mwenye duka kama anauza kiwambo peke yake, kile kijikaratasi chembamba kinachotetemeka ndani. Kiwambo ndicho hufa kwanza. Kisipopatikana, mtanunua yuniti nzima, na faida ya miezi imekwisha.

Na kinachokiua mara nyingi ni besi. Honi ya ukubwa huu haiwezi kubeba sauti za chini ya hezi 300, kwa hivyo kiwambo hurukaruka bure mpaka kipasuke. Vijana watataka kupigia rumba, wajue hivyo! Kwa yuniti ya omu 16, wekeni kapasita ya maikrofaradi 33, ile isiyo na upande wa chanya na hasi, kwenye waya mmoja. Itazuia besi.

Yuniti mbili za omu 16 zikiungwa sambamba huwa omu 8. Someni nyuma ya amplifaya kama inakubali. Waya nao msiubanie: waya wa shaba wa milimita mraba 1, kwenda na kurudi meta 100, unakula karibu theluthi ya nguvu kwa mzigo wa omu 8. Sogezeni amplifaya karibu na honi.

Honi ifungwe juu ya vichwa, ielekee watu wa nyuma, na maikrofoni ikae nyuma yake isije ikapiga mluzi. Kabla ya kukodisha, ulizeni habari ya kibali, kwa maana kanuni za kelele za mwaka 2009 zinagusa vipaza sauti. Mliokuja na yuniti, zileteni mezani baada ya chai tuzipime.