Ramani ya Zamani Katika Barabara Mpya

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Dodoma)



Kwanza kabisa naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kusema juu ya uji wa asubuhi na kengele ya kuamkia, tena wamesema vizuri. Mimi nitasema juu ya kifaa kidogo kilichomo garini mwangu, kile cha GPS cha kuonyesha njia, ambacho mwaka 2021 kilinifanya nichelewe maziko ya mwenzetu. Tuliolala naye bweni moja tunamjua. Sina haja ya kumtaja.

Kifaa hicho nilikinunua mwaka 2009, nilipokuwa bado katika kazi ya utabibu wa mifugo. Kilinifaa sana. Mara nyingi kilinitoa porini usiku, nami nikazoea kukitii.

Februari 2021 nilikuwa natokea Arusha, nikipitia Babati na Kondoa, kwenda kijiji kimoja upande wa huku wa Kondoa. Maziko yalikuwa saa 10 alasiri. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilikuwa imezinduliwa mwaka 2018 ikiwa lami tupu. Mimi mara ya mwisho niliipita ikiwa vumbi.

Nilipokwisha kuipita Kondoa nikatupia jicho kioo cha kifaa. Mshale wa gari langu ulikuwa unatembea mahali patupu! Chini ya magurudumu palikuwa na lami nyeusi, lakini kiooni palikuwa pori. Mara sauti ikaniamuru nikate kushoto. Nikaingiwa na hofu kwamba nimepotea, nikakata kushoto.

Baada ya mwendo wa kama kilomita 6 nikakuta korongo. Mvua ya usiku ilikuwa imepita humo, mchanga ukabaki laini kama unga. Gari likazama. Akatokea mzee mmoja na vijana wawili, wanachunga ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi huku?"

Nikamtajia kijiji.

"Ah! Kijiji hicho kiko pale pale kwenye lami. Huku magari yaliacha kupita tangu lami ilipokuja. Nani aliyekuelekeza?"

Niliona haya kumwonyesha aliyenielekeza. Walikata matawi ya miti wakayatia chini ya magurudumu, wakasukuma. Nilifika saa 12 jioni. Watu walikuwa wamekwisha kurudi makaburini, wameketi chini ya mti. Udongo wa mwenzangu sikuutia mkono. Mjane aliniambia neno moja tu: "Shemeji, umefika." Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliporudi nyumbani nilitaka kukitupa kifaa kile. Mwanangu akasema, "Baba, nunua kipya." Lakini ndugu zangu, mganga wa mifugo hachinji ng'ombe kabla ya kujua ugonjwa wake. Nikaanza kuchunguza.

Kifaa hiki kina vitu viwili: sikio na kumbukumbu. Setilaiti za GPS, mali ya Marekani, huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi. Hazijui Kondoa wala Kongwa. Kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo. Sikio likizisikia nne au zaidi, kifaa hupiga hesabu kikajua kilipo. Barabara ni habari nyingine: zimechorwa katika kumbukumbu ya kifaa chenyewe, na hubaki vile zilivyochorwa hadi mtu azibadilishe.

Basi nilikipima hatua kwa hatua. Nilikipeleka Uwanja wa Nyerere, katikati ya mji wetu, nikaona mshale unasimama pale pale nilipo. Sikio zima. Vipya husikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China, na hilo ni faida kubwa katikati ya maghorofa marefu au mabonde yenye kina. Lakini katika uwanda wetu huu mbingu iko wazi.

Pili, nilitazama tarehe. Kalenda ya GPS huhesabu majuma hadi 1,024, kisha huanza tena sifuri. Ilizunguka hivyo tarehe 6 Aprili 2019, na baadhi ya vifaa vya zamani vikarudi nyuma karibu miaka 20. Changu kilikuwa na tarehe sahihi.

Tatu, ramani. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Mji wa Serikali wa Mtumba, uliojengwa baada ya Serikali kuanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, haukuwamo kabisa. Ramani yangu ilikuwa bado inaishi mwaka 2009!

Kiwanda hakikuwa tena na ramani mpya ya kifaa cha aina yangu. Lakini kuna ramani iitwayo OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote na kutolewa bure, na baadhi ya vifaa vya zamani huikubali. Mjukuu wangu alinitilia jioni moja. Lami ya Babati ikaonekana. Sikununua kipya.

Sisemi kila mtu afanye hivyo. Kama tarehe imeharibika na haina dawa, kama kumbukumbu ni ndogo haiwezi kubeba ramani mpya, au betri imekufa na haipatikani, nunua kingine. Na mwenye simu janja huenda asihitaji kununua kitu: sikio la simu husikia setilaiti hata pasipo mtandao, mradi uwe umepakua ramani kabla ya kuondoka nyumbani.

Ila tusijidanganye. Ramani niliyotia nayo inazeeka. Barabara ya mzunguko wa nje wa Dodoma, kilomita 112.3, iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2022. Ramani ya mwaka 2021 haiwezi kuijua. Kwa hiyo sasa nasasisha ramani kila kabla ya safari ndefu. Na kiooni pakionyesha pori nami niko juu ya lami, nasimamisha gari na kumwuliza mtu.

Nanyi vijana, ramani hizi huchorwa na watu kama ninyi. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo walishiriki katika Ramani Huria kule Dar es Salaam, wakachora mitaa iliyokuwa haijachorwa. Nanyi chukueni vijia na makorongo yanayoizunguka shule hii, mviandike. Siku moja mtu atakuwa anawahi maziko.

Mimi nilikuwa na kifaa chenye sikio zima, lakini niliyekuwa kiziwi ni mimi. Kilomita mbili kabla ya kukata kushoto nilimpita mama anauza mahindi kando ya lami, nikapunga mkono, nikaendelea. Ningemwuliza, ningefika.