Mlio Uliopanda Ghafla

Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo ya LIGO huko Marekani, mmoja Hanford na mwingine Livingston, ilinasa wimbi la uvutano, yaani mtikisiko wa nafasi yenyewe, lililodumu takriban sekunde 0.2. Lilianza na mitetemo 35 kwa sekunde, likapanda hadi 250 huku likizidi nguvu, kisha kimya. Ukiligeuza kuwa sauti, ni kama kidole kinachoteleza juu ya uzi wa gitaa.

Wimbi la namna hii, msikilizaji, halipimwi kwa wastani wa mitetemo yake. Ukilikadiria hivyo umeipoteza habari yenyewe. Kuongezeka kwa kasi ya mitetemo, hatua kwa hatua, ndiko kulikofichua uzito wa mashimo meusi mawili yaliyoungana na kulizalisha wimbi hilo. Wataalamu walililinganisha na maelfu kwa maelfu ya mifano iliyokokotolewa mapema. Livingston ilitangulia kulisikia, kwa milisekunde 7 tu.