Jasusi wa Hadithi na Majasusi wa Kweli

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kitabu kiitwacho Eye of the Needle, maana yake Tundu la Sindano. Mtungaji wake ni Bwana Ken Follett, mzaliwa wa Cardiff katika nchi ya Wales, nacho kilitokea mwaka 1978. Mwaka 1979 kilipewa tuzo ya Edgar huko Marekani, na mwaka 1981 kikatolewa katika sinema. Kimesomwa na watu wengi mno. Walakini wakikutana wawili waliokisoma, si ajabu wakabishana. Mmoja atakisifu, wa pili atakilaumu, na kila mmoja ana hoja yake. Basi na tuzisikilize hoja hizo, kisha tuzipime.

Kwanza, hadithi yenyewe kwa ufupi. Henry Faber ni jasusi wa Kijerumani akaaye Uingereza wakati wa vita, naye huonekana kama raia mwema. Silaha yake ni kisu chembamba, ndiyo sababu aliitwa Sindano. Mwaka 1944 yeye agundua siri kubwa: kambi ya jeshi iliyo mashariki ya Uingereza si kambi ya kweli, na ndege zilizopangwa pale ni maumbo matupu. Apiga picha, akakata shauri kuzifikisha kwa Hitler. Nyuma yake aandamwa na Godliman, mwalimu wa historia wa chuo kikuu, aliyeitwa kusaidia kuwasaka majasusi. Faber akimbilia bahari ya Scotland ili achukuliwe na nyambizi, lakini dhoruba yamtupa katika kisiwa chenye watu wanne tu: mchunga kondoo mzee, rubani aliyepoteza miguu yake katika ajali ya motokaa siku ya arusi, Lucy mkewe, na mtoto wao mdogo. Yaliyotukia huko sitayasema, nisije nikawaharibia utamu wale ambao hawajasoma.

Lawama ya kwanza yatoka kwa wapenda historia. Hao wasema, “Mtu kama Faber hakuwako.” Nao wana haki. Majasusi waliotumwa na Wajerumani kwenda Uingereza, karibu wote walikamatwa au walijitoa wenyewe. Wengine walihukumiwa kufa, na wengine waligeuzwa, wakawa wanapeleka habari za uongo walizopewa na Waingereza. Baraza lililosimamia habari hizo liliongozwa na J. C. Masterman, mwalimu wa historia wa Oxford. Kwa hiyo Godliman wa kitabuni si mtu wa ajabu kama adhaniwavyo. Masterman alitoa kitabu chake juu ya kazi hiyo mwaka 1972, miaka sita kabla ya hadithi hii.

Na hila yenyewe ilikuwa ya kweli. Majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao yalikusudia kushuka Normandy katika Ufaransa, lakini yalitaka Hitler asadiki kwamba yatashuka upande wa Calais, ambako bahari ni nyembamba, yapata maili 21 tu kutoka Dover. Basi likabuniwa jeshi zima ambalo halikuwako, likatajwa kuwa chini ya Jenerali Patton. Zikawekwa mashua za bandia, na mitambo ya redio ikapelekeana habari kana kwamba maelfu ya askari wapo. Aliyewapumbaza Wajerumani kuliko wote ni Mhispania, Juan Pujol García, ambaye Waingereza walimwita Garbo. Yeye aliwabuni wasaidizi wake 27, wala hata mmoja wao hakuwa mtu mwenye mwili! Majeshi yalishuka Normandy tarehe 6 Juni 1944. Siku tatu baadaye Garbo aliwapelekea Wajerumani habari kwamba shambulio lile ni la kuwazuga tu, na kubwa laja Calais. Wakaliweka jeshi lao lenye nguvu kule kwa majuma mengi, likingoja wasiokuja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Huyu alikwenda mbali hata akatunukiwa nishani na Wajerumani na Waingereza pia.

Lawama ya pili yasema hivi: “Kila mtu ajua kwamba Normandy ilitekwa, basi tuhofu nini?” Hoja hii naiona nyepesi. Hatuhofu juu ya Normandy. Twamhofia Lucy, ambaye historia haikuandika habari zake, na ambaye hajui kwamba mgeni aliyemkaribisha mezani amebeba katika mfuko wake roho za askari maelfu.

Lawama ya tatu ni nzito zaidi. Wako wasemao kwamba mtungaji amempamba mwuaji, hata msomaji ajikuta akitamani Faber aokoke. Tena mambo ya Lucy na mgeni huyo yameelezwa waziwazi kuliko inavyofaa mwanafunzi kusoma. Katika hili la mwisho nakubaliana nao: kitabu hiki ni cha watu wazima. Lakini kumwona adui kuwa ana akili, ushujaa na upweke si kumsifu. Aliyefundishwa kwamba mwovu hujulikana kwa sura yake, atamfungulia mlango siku atakapofika amevaa nguo njema.

Basi hukumu yangu ni hii. Hadithi si ushahidi. Kijana akisoma kitabu hiki akadhani amesoma historia, atawadhulumu watu wengi: makarani waliokesha wakifumbua maandishi ya fumbo, waliotunga uongo neno kwa neno usipingane na uongo wa jana, na majasusi waliogeuzwa ambao kosa moja lingewaponza wote. Siri ile haikulindwa na bahati ya mtu mmoja kisiwani, bali na uvumilivu wa wengi kwa miaka. Lakini anayekitupa kitabu kwa sababu Faber hakuwako, naye ajinyima kitu. Historia yatuambia jinsi siri ilivyolindwa. Hadithi yatuonjesha uzito wa kuishika, na yatuuliza sisi tungefanya nini.

Kwa hiyo someni hadithi kwa furaha, kisha ulizeni: mahali hapa pako? Mtu huyu alikuwako? Jambo hili lilitendeka? Mkisha kupata majibu, mtakuwa mmesoma vitabu viwili kwa bei ya kimoja.