Bonde Lina Samaki Wake, Kioo Kiko Wapi?

Hotuba za Siku ya Ardhioevu Duniani zimekwisha. Kila ifikapo 2 Februari husemwa yaleyale: Bonde la Kilombero ni hazina, Kilombero iko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu 2002, Kilombero ilindwe. Hakuna anayebisha. Kinachokikera kituo hiki cha redio ni kwamba hotuba zikiisha, mtoto wa Ifakara, mji wa bonde hili, anarudi darasani kusoma samaki aliyechorwa ubaoni kwa chaki. Kioo cha kumwonyesha samaki hai kiko wapi?

Mwaka huohuo wa 2002, wataalamu watatu, Wildekamp, Watters na Sainthouse, walimtambulisha rasmi kwa wanasayansi samaki mdogo wa bonde hili. Walimwita Nothobranchius kilomberoensis. Ni samaki wa madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka, wakubwa wote hufa, lakini mayai hubaki kwenye tope mpaka mvua irudi. Dume ana rangi za kupendeza, jike ni wa kijivujivu tu. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawajua samaki wa jamii hii vizuri mno. Hutumiana mayai kwa posta, yakiwa ndani ya mboji yenye unyevunyevu, na mpokeaji huyamwagia maji akangoja vifaranga. Huko samaki huyu anajulikana kwa jina. Na Ifakara je?

Ni hadithi ileile ya chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la milima ya Udzungwa. Mwishoni mwa 2000, mto Kihansi ulipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani. Kufikia 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki hai walikuwa ndani ya masanduku ya kioo. Mwaka 2012 walianza kurudishwa Kihansi. Kioo kilimwokoa chura huyo, lakini kilikuwa kioo cha New York na Ohio.

Sasa vioo vya samaki vinaanza kuingia mijini kwetu, sebuleni na kwenye mapokezi ya hoteli, na ni jambo jema. Bahati mbaya wengi hudhani kuandaa tangi ni kazi ya jioni moja. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54, yaani kilo 54 za maji kabla ya mchanga na kioo chenyewe. Kimeza cha televisheni hakiliwezi. Chini hutandazwa udongo wa kawaida usio na mbolea ya dukani, unene wa sentimita mbili na nusu hivi, ukafunikwa na changarawe. Njia hiyo ya bei nafuu ilielezwa mwaka 1999 na Mmarekani Diana Walstad. Mimea ipandwe kwa wingi tangu siku ya kwanza. Taa iwake kama saa nane kwa siku, na tangi likae mbali na dirisha, kwani jua la Ifakara hupasha maji na kuotesha mwani. Hita haihitajiki. Mzungu hulipia umeme apate joto ambalo hapa ni la bure.

Kisha subira, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Majani ya mwanzo huoza, maji hugeuka kama maji ya kuoshea mchele, mwenye tangi anashikwa na hofu anamwaga yote. Asimwage. Kinyesi na mabaki hutoa amonia, ambayo ni sumu; bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti, na kikosi hicho cha bakteria hukomaa kwa wiki nne hadi sita. Samaki anayetumbukizwa siku ya kwanza huelea tumbo juu siku ya tatu, lawama zikaenda kwenye maji ya kisima.

Na mbu? Mji wenye Taasisi ya Afya Ifakara una haki ya kuuliza. Wakati wa kusubiri, tangi lifunikwe kwa chandarua. Samaki wakishaingia, viluwiluwi vitakuwa chakula chao.

Hofu kubwa zaidi ni mimea yenyewe. Gugu maji lilitolewa Amerika ya Kusini likasambazwa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaanza kuziba mialo ya Ziwa Viktoria. Lilikuwa pambo. Ifakara ni mji wa mafuriko: kinachomwagwa mtaroni leo huingia mto Lumemo, kutoka Lumemo huingia Kilombero, na kutoka Kilombero huingia Rufiji. Kwa nini basi kununua jani la ng'ambo, wakati mitaro ya mashamba ya mpunga imejaa yungiyungi na majani mengine ya majini? Yachumwe kwa kiasi, yaoshwe ndooni, na konokono na mayai yao waondolewe, maana baadhi yao ndio wanaoeneza kichocho.

Basi hotuba zitoshe! Kila shule ya sekondari ya bonde hili iwe na tangi moja. Walimu wa baiolojia, anzeni na udongo na majani ya hapahapa, samaki waje baadaye. Mkimtaka samaki wa madimbwi, nendeni kwanza kwa ofisa uvuvi; msitume watoto kukomba dimbwi kwa chandarua. Wenye hoteli, mkionyesha samaki, onyesheni wa Kilombero, na jina lake liandikwe pale. Nawe msikilizaji mwenye tangi nyumbani, ukibadilisha maji yamwage kwenye migomba, majani uliyopunguza yakaushe juani kisha uyachome. Lumemo usiipelekee hata jani moja.