Safari ya Siku Moja: Iringa, Kalenga na Isimila

(Mazungumzo na wanakisomo baada ya safari)



Wiki iliyopita baadhi yetu tulikwenda matembezi ya siku moja. Wengine mlibaki na kazi za shamba. Mmeniomba niwaeleze tuliyoyaona. Nitaeleza kwa ufupi, halafu nina neno moja juu ya mashamba yetu.

Tulianzia Iringa mjini. Jina la Iringa limetoka katika neno la Kihehe "lilinga", maana yake ngome. Tulipanda juu ya mwamba mkubwa uitwao Gangilonga, yaani jiwe linenalo. Wazee husimulia kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akikaa hapo kutafakari. Ukiwa juu yake unauona mji wote.

Kutoka hapo tulikwenda Kalenga, mwendo wa kilometa 15 hivi. Leo Kalenga ni kijiji tu. Lakini zamani palikuwa makao makuu ya Mkwawa, na palizungushiwa ukuta mrefu wa mawe.

Mwaka 1891, tarehe 17 Agosti, Wahehe waliwashinda Wajerumani huko Lugalo. Mkubwa wa jeshi lao, Zelewski, aliuawa. Wajerumani hawakusahau. Tarehe 30 Oktoba 1894 walirudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa aliponyoka, akaendelea kupigana porini karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona anakaribia kukamatwa, alijipiga risasi. Hakutaka kuwa mateka. Wajerumani walikata kichwa chake, na fuvu likapelekwa kwao.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba wa mwaka 1919 uliwataka Wajerumani walirudishe. Lilirudi mwaka 1954. Sasa limo katika nyumba ya makumbusho pale Kalenga, na sisi tumeliona kwa macho yetu. Watu wote walinyamaza. Kisha mama mmoja akaanza kusoma polepole maandishi yaliyobandikwa pale. Alisoma mpaka mwisho bila kusaidiwa. Mwaka juzi mama huyo alikuwa akiweka dole gumba badala ya sahihi.

Mchana tulirudi mjini, tukashika barabara ya Mbeya. Baada ya kilometa 20 hivi tulifika Isimila. Ndugu zangu, pale pana maajabu! Ni korongo lenye nguzo za udongo, ndefu kuliko nyumba. Nyingine zina kofia juu, kama uyoga. Hakuna fundi aliyezijenga. Zimechongwa na maji.

Mambo yalikuwa hivi. Zamani sana palikuwa na ziwa lenye maji machache. Watu walikaa kandokando yake. Walichonga mawe wakapata mashoka, visu na nyundo. Tope na mchanga vilizifunika zana hizo kwa zaidi ya miaka 200,000. Ziwa likakauka. Ndipo maji ya mvua yakaanza kuichimba nchi. Udongo laini ukachukuliwa. Mahali penye udongo mgumu juu, nguzo ikabaki imesimama. Zana zile zikatokeza nje, na mwaka 1951 zikagunduliwa. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba kwa uangalifu. Walipata hata mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani, mwenye macho yaliyotokeza juu sana.

Kijana mmoja wetu alitia jiwe mfukoni. Mwongozaji alimwona, akamwambia kwa upole: "Kila mgeni akichukua moja, wajukuu wako watakuja kuona nini?" Kijana akalirudisha palepale alipoliokota.

Sasa sikilizeni neno lenyewe. Tulipokuwa tunapiga picha na kucheka, mzee wetu mmoja alisimama kando. Akasema: "Mwalimu, mbona hili ni kama korongo letu la kule bondeni?" Watu walicheka. Mimi pia nilitabasamu. Lakini usiku nyumbani sikupata usingizi. Mzee alisema kweli.

Miaka michache iliyopita korongo letu lilikuwa mfereji ambao mtoto aliuruka. Leo ng'ombe akitumbukia hatoki peke yake. Limekula shamba la jirani yetu mmoja, sasa linaikaribia njia ya watoto ya kwenda shule. Pale Isimila maji yamefanya kazi yake kwa miaka mingi mno, na hakuna mtu anayelima ndani ya korongo. Sisi hapa tunakula kutokana na udongo huu. Ukishakwenda mtoni, haurudi.

Tufanye nini? Kwanza, tuache kulima kwa kufuata mteremko. Matuta yakate mteremko, ili maji yatembee polepole na kuingia ardhini. Pili, tupande mabingobingo juu ya matuta. Mizizi yake inashika udongo, na majani yake ni chakula cha ng'ombe. Tatu, tuzibe korongo kwa vizuizi vya mawe na miti, kuanzia juu kuteremka chini. Nne, tusipitishe mifugo kandokando ya korongo.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi, saa 1 asubuhi, tukutane korongoni. Kila mtu na jembe lake. Mzee wetu aliyeliona jambo hili ndiye atakayetuonyesha pa kuanzia.